Nifanye kazi ya bure porini, au nimpe mtu laki nne?

*Shangazi, mimi ni binti wa miaka 23, naishi Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Mwaka jana nilimaliza stashahada ya usimamizi wa wanyamapori. Nyumbani tuko watano, mimi ni wa tatu na wa kwanza kufika chuo. Mama aliuza mbuzi na mahindi ili nisome. Sasa huu ni mwezi wa tisa niko nyumbani.*

*Kuna mradi mmoja wa uhifadhi umenikubali nikajitolee miezi sita, siku sita kwa wiki. Posho hakuna, chumba natafuta mwenyewe, chakula najitegemea. Wanasema nitapata uzoefu na barua. Kuna kaka mmoja naye anasema ana mtu wake mkubwa, anaweza kunipatia nafasi ya mafunzo inayolipwa kwenye uhifadhi, ila nitangulize laki nne za kumlainisha. Mama yuko tayari kukopa kikoba. Halafu binamu yangu wa Nyakanazi ananitaka nikae kwenye kibanda chake cha kuweka na kutoa pesa, kwa laki na ishirini kwa mwezi.*

*Baba hataki kusikia neno hifadhi. Ng'ombe wa baba mdogo walikamatwa ndani, ikabidi auze wengine kulipa faini. Baba anasema nikivaa zile nguo nisirudi kwake. Shangazi, silali. Nifanyeje?*

*Binti wa Nyakahura*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi napiga hesabu. Hesabu hiyo nitakuonyesha. Lakini tuanze na zile laki nne, maana ndizo zenye haraka. Mama yako asije akaenda kikoba kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Usizitoe. Usitoe hata nusu yake, hata elfu kumi ya vocha. Nafasi katika taasisi za umma za uhifadhi, iwe TANAPA, TAWA, TFS au Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, hutangazwa hadharani, na kuziomba hakulipiwi hata senti. Mwombe huyo kaka akupe jina la huyo mkubwa, cheo chake, ofisi yake na tangazo la nafasi yenyewe. Utaona atakavyozunguka mbuyu. Na tuseme kweli anaye mtu wake. Hiyo itakuwa rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Wewe unayetaka kulinda mali ya taifa utaanzaje kazi ukiwa na siri ya namna hiyo, na mtu mtaani anayeijua? Ujumbe wake wote kwenye simu uuache kama ulivyo, usifute. Simu ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio.

Sasa hesabu ya huo mradi. Nimechukua bei za kawaida za mji mdogo kama Biharamulo, nikajibana. Chumba kimoja, elfu ishirini na tano kwa mwezi. Miezi sita ni 150,000. Chakula, elfu nne kwa siku, yaani chai ya asubuhi na ugali maharage mara moja. Siku 180 ni 720,000. Bodaboda kwenda na kurudi kituoni, elfu mbili kwa siku, siku 24 za kazi kila mwezi; hiyo ni 288,000. Jumla 1,158,000. Hapo sijaweka sabuni, pedi, dawa ya malaria wala viatu vya porini.

Kwa hiyo, mwanangu, wanachokuomba si muda wako peke yake. Wanakuomba nyumba yenu iuchangie mradi zaidi ya milioni moja na laki moja. Mama aliyekwisha kuuza mbuzi sasa auze nini?

Najua watakwambia kila aliyefanikiwa alianza hivyo. Na mimi nilianza hivyo. Nilipokuwa na umri wako nilifanya kazi miezi saba bila malipo katika ofisi moja jijini Mwanza. Nililala kwa mama mkubwa, nikala mlo mmoja jioni, na mchana wenzangu wakienda kula nilisema nimefunga. Tulianza wanane. Mwezi wa nne tulikuwa watatu. Wa kwanza kuondoka alikuwa kijana kutoka Sengerema, mwenye akili kutuzidi sote. Nakumbuka viatu vyake: soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachia, ameishona kwa waya wa umeme. Siku moja hakuja, na hakuna aliyemtafuta. Mwishoni kazi tuliipata sisi tuliokuwa na mahali pa kulala mjini. Mpaka leo nikisikia mtu anamsifia kijana kwa kujitolea, nauliza kwanza analala wapi na anakula nini, kwa sababu kazi ya bure huchuja watu kwa mfuko wa mzazi.

Mchujo huo unaumiza kila fani, lakini kwenye uhifadhi unaumiza na pori lenyewe. Katika sehemu ya barua yako ambayo haikuchapwa hapa umeandika, kama jambo dogo tu, kwamba mkiwa chuoni mwalimu aliwaonyesha alama mbili za kwato kwenye tope, moja ya ng'ombe na moja ya nyati, akauliza ipi ni ipi, na darasa zima ulijua wewe peke yako, kwa sababu umechunga tangu ukiwa na miaka saba. Hilo si dogo. Kuna watu wamemaliza vitabu vyote na bado wangeifuata hiyo kwato ya ng'ombe mpaka jioni.

Nikupe mfano wa jirani zako. Ukitoka Nyakanazi ukashika njia ya Kibondo na Kasulu unafika Kigoma, na kando ya Ziwa Tanganyika iko Gombe. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Baadaye wakaja wanafunzi wa vyuo vikuu vya nje, na wanaume wa vijiji vya jirani wakaajiriwa kuwaongoza porini. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka vijana wanne wa utafiti. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe. Kazi ingeweza kufa pale. Haikufa, kwa sababu wale wanavijiji walikuwa wamekwisha kufundishwa kujaza fomu za utafiti, nao walikuwa wakilipwa, basi waliendelea kupanda milima kila asubuhi. Mmoja wao, Hilali Matama, alikuwa ameshaona mwaka 1974 jambo ambalo dunia ilikuwa haijaliona: sokwe wa kundi moja wakimvamia kwa pamoja sokwe wa kundi jingine, aliyeitwa Godi. Kumbukumbu za Gombe, zinazosomwa na wataalamu duniani kote, kwa sehemu kubwa zimejazwa na mikono ya watu wa Kigoma waliojifunza wakiwa kazini, na jioni wakarudi nyumbani na cha kupeleka.

Kwenu napo kuna haja kama hiyo. Wewe ulizaliwa baada ya 1994, lakini baba yako anakumbuka. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Watu wale walihitaji kuni za kupikia na nguzo za vibanda, na miti ya vilima vya Benaco ikaisha. Walihitaji kitoweo, na mapori ya Burigi na Biharamulo yakavunwa usiku na mchana. Makambini nyama ya porini ilipata jina lake, "mchicha wa usiku", kwa kuwa iliuzwa na kupikwa gizani. Sina neno baya kwa waliokimbia kifo. Nasema tu kwamba pori lenu limetoka mbali. Julai 2019 hayati Rais John Magufuli alipozindua Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliyounganishwa yalikuwa yanaanza upya, kilomita za mraba 4,707. Eneo la namna hiyo halilindwi na watu waliokuja na ramani peke yake. Linahitaji na mtu anayejua mbuga ipi hujaa maji mwezi wa nne, njia ipi ya ng'ombe ni ya zamani na ipi imefunguliwa juzi, na mzee gani wa kijiji akiongea watu hunyamaza.

Mtu huyo ni wewe. Ndiyo maana nataka ulipwe.

Usiukatae mradi, lakini usiukubali kama ulivyo. Waandikie. Watu wengi hawaandiki kwa kuogopa kuonekana wana tamaa, lakini kusema huna uwezo wa kujilisha miezi sita ni kusema kweli. Andika hivi, kwa maneno yako: "Nashukuru kwa nafasi. Nyumbani hatuna uwezo wa kunilipia chumba na chakula kwa miezi sita. Naomba mradi unipatie malazi, chakula na nauli, au posho inayolingana na gharama hizo. Ikishindikana, naomba nianze kwa wiki nane, kisha tuzungumze upya." Halafu uliza mambo manne, na majibu uyatake kwa maandishi: kazi zako ni zipi hasa, msimamizi wako ni nani, mkipelekwa porini nani anatoa viatu na vifaa, na ukiumia nani analipa matibabu. Hilo la mwisho usilionee haya. Porini kuna nyati, na kuna mitego ya waya inayomnasa mtu kama inavyomnasa swala. Anayekupeleka huko bila kujua nani atalipa hospitali, mkatalie.

Ipo pia sheria ambayo vijana wengi hawaijui. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinataja mambo ambayo lolote kati yake likiwepo, mtu anayefanya kazi kwa mwingine huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Mojawapo ni kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Saa 45 hazifiki hata siku sita za kazi. Wewe wanakutaka siku sita kila wiki! Sikutumi ukashtaki mtu kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nataka tu ujue kwamba neno "kujitolea" halifuti kila haki, na kwamba ukiomba nauli hujaomba fadhila. Serikali yenyewe inalijua hili: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo ndani ya mkopo, kwa sababu mwanafunzi akiwa field anakula kama mtu mwingine yeyote.

Wakikujibu kwamba bajeti haina posho ya mwanafunzi, waulize kwa adabu kama inayo mafuta ya gari. Gari haliendi bure, na hakuna anayelishangaa.

Wakati unasubiri jibu, nenda Nyakanazi. Najua hukusomea kukaa kwenye kibanda cha pesa, na najua wapo watakaokucheka kwamba stashahada imeishia dirishani. Waache. Laki na ishirini kwa mwezi, ukiwa unalala kwa binamu, ndiyo itakayokununulia viatu, itakayokulipia nakala za vyeti na muhuri wa wakili, na itakayokupa nauli ya usaili ukiitwa Mwanza au Dodoma. Kubaliana na binamu mapema mambo mawili: mshahara ni tarehe ngapi, na ukiitwa kwenye usaili atakuachia siku ngapi. Undugu usioandikiwa makubaliano huharibika haraka, hasa kwenye biashara ya pesa za watu, ambako siku hesabu ikipungua elfu hamsini mtaanza kutazamana vibaya.

Ukiwa pale, jisajili. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, uweke namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cha chuo. Fanya hivyo kabla tangazo halijatoka. Tangazo likitoka watu huvamia mtandao usiku wa mwisho na wengi hukwama. Soma kikomo cha umri kabla ya kitu kingine, maana nafasi za askari wa uhifadhi mara nyingi zinataka vijana, na miaka 23 yako haitasubiri. Jisajili pia TaESA, inayosimamia huduma za ajira Tanzania. Hao huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu wa kazi, na aliye kwenye programu hupata posho ya kujikimu kila mwezi. Hiyo ndiyo nafasi ya mafunzo inayolipwa uliyokuwa unauziwa kwa laki nne, na kuiomba ni bure. Usiangalie hifadhi za wanyama peke yake. TFS ina Shamba la Miti Silayo huko Chato, karibu na kwenu kuliko Serengeti, na aliyesoma wanyamapori akijifunza na miti anapata mguu wa pili wa kusimamia.

Sasa baba yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nahisi hili ndilo linalokunyima usingizi.

Usimwone baba kama mtu asiyejua thamani ya elimu. Aliona mbuzi wakiuzwa ukasome, na hakuzuia. Anachokiona sasa ni mtoto wake akivaa sare ya watu waliomfanya mdogo wake auze ng'ombe. Kwa mfugaji, ng'ombe ni akiba ya benki, mahari ya kijana na heshima mbele ya wenzake. Faini ile haikulipwa na baba mdogo peke yake, iliulipisha ukoo mzima. Ukianza kumweleza faida za utalii, atakuona umekwisha kuhamia upande wa pili. Anza kwa kukubali kwamba waliumia.

Nenda asubuhi wakati wa kukamua, mkiwa wawili. Msalimie, kaa, umwache aseme yote mpaka amalize. Kisha mweleze unachokijua wewe na yeye hakijui. Kwamba ng'ombe hawakuruhusiwa kuingia hata enzi za pori la akiba. Kilichobadilika ni ulinzi, na ulinzi haurudi nyuma tena. Kwamba mpaka una alama, na wewe unaweza kumwonyesha baba mdogo ulipo kabla ya kiangazi, si baada ya ng'ombe kushikwa. Kwamba tembo wakila shamba la mtu au nyati akimjeruhi, kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, na watu wengi wanakosa kwa kuchelewa kutoa taarifa au kwa kutojua fomu inajazwaje. Mtoto wenu anajua fomu hiyo. Muulize baba kama anataka mtu huyo awe wa kwenu, au aendelee kuwa mgeni asiyejua hata jina la kitongoji.

Msikilize vizuri kuhusu ardhi, kwa sababu hoja yake si ya kijijini kwenu tu. Kule Marekani kuna watu wa Cherokee. Mwaka 1838 jeshi liliwatoa kwao kwa nguvu na kuwaswaga mbali magharibi, maelfu walikufa. Wachache walibaki milimani. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1934, sehemu ya milima ya mababu zao ikafanywa hifadhi ya taifa, Great Smoky Mountains, na hata kuchuma mboga ya majani waliyoila tangu zamani, iitwayo sochan, ikawa kosa. Hawakuinyamazia na hawakuipa hifadhi kisogo. Walizungumza nayo kwa miaka, mpaka mwaka 2019 yakasainiwa makubaliano ya wao kuchuma sochan ndani ya hifadhi kwa utaratibu. Mwaka 2022 wanawake wawili wa Cherokee, Lavita Hill na Mary Crowe, walianzisha ombi la kurudisha jina la asili la kilele kirefu kuliko vyote mle ndani, na Septemba 2024 kilele kikaanza tena kuitwa Kuwohi, mahali pa miforsadi. Leo vijana wao wanatafutiwa nafasi za mafunzo ya uhifadhi zenye malipo, maana huwezi kumwambia mtu alinde ardhi ya babu yake huku ana njaa. Mwambie baba habari ya ile mboga. Ataielewa kuliko mimi.

Mfano wa karibu zaidi uko Kenya, Amboseli. Mwaka 2019 mabinti wanane wa Kimasai, kutoka jamii ambako wazee hawakuzoea kumwona msichana akilinda pori, waliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori wa jamii, kikosi kinachoitwa Team Lioness. Kila mmoja alikuwa mwanamke wa kwanza nyumbani kwao kupata kazi ya mshahara. Wanapita kwenye maboma wakiongea na akina mama, na akina mama huwaambia mambo ambayo askari wa kiume hangeambiwa.

Bado kuna jambo moja zito, na sitakuficha. Siku moja, ukifanikiwa, unaweza kuwa kwenye doria ukakuta ng'ombe wenye alama mnayoijua. Utafanyaje? Fikiri leo, ukiwa nyumbani, usije kulifikiri siku hiyo ukiwa na wenzako na redio mkononi. Ushauri wangu ni huu: usimwahidi baba kwamba utawafichia. Usimpigie mtu simu kumwambia doria inapita wapi. Ukifanya mara moja, umekwisha, na unaweza kuwaponza wenzako. Unachoweza kumwahidi ni kuwaeleza mpaka na sheria mapema, tena bila kuchoka, na kwamba ukipangiwa kazi utaomba ukaanzie hifadhi nyingine mbali na kwenu. Ombi hilo si la aibu. Baba akisikia kwamba hutamlinda mwizi wala hutamwinda ndugu, huenda asikubali siku hiyo hiyo. Mpe muda. Neno "usirudi kwangu" wazazi wetu husema wakiwa wameogopa.

Nina neno pia kwa wanaoendesha miradi ya uhifadhi pembezoni mwa Burigi-Chato na kwingineko. Ilani ya Arusha ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa Septemba 1961 ilikiri wazi kwamba kuhifadhi wanyama kunahitaji utaalamu, watu waliofundishwa na fedha, na miaka miwili baadaye chuo cha Mweka kikafunguliwa. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba kufundisha watu kunagharimu. Mnapoandika bajeti, wekeni mstari wa mwanafunzi: chumba, chakula, nauli, matibabu. Mkikosa fedha za kumi, chukueni wawili mkawalishe. Na mtangaze nafasi hizo kwenye mbao za ofisi za vijiji na kata, Nyakahura, Lusahunga, Rulenge, si kwenye simu za watoto wa mjini peke yake.

Wewe, mwanangu, wiki hii una kazi tatu. Leo mwambie mama asikope. Kesho iandike ile barua kwa mradi, na uwape wiki mbili za kujibu. Siku ya tatu panda gari uende Nyakanazi ukazungumze na binamu. Baba utamkuta asubuhi mojawapo, akikamua. Ukijibiwa na mradi niandikie tena, unieleze wamesema nini kuhusu chakula na matibabu.

Laki nne zibaki kikoba.

Shangazi